Paa la Nyumba na Mgongo wa Mtu

Katika sheria ya Musa, Mungu aliwaamuru Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, azungushe ukuta mfupi juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile (Kumbukumbu la Torati 22:8). Nyumba zetu za majani na za mabati (manjanja) hazina ukuta wa namna hii. Kwa hiyo inatupasa kujilinda.

Ndugu mmoja alipanda juu ya nyumba yake asubuhi, umande ungaliko, apigilie misumari miwili tu. Aliteleza. Rafiki zake wakamwinua kwa mikono na miguu, wakamleta mbio. Tangu siku ile hatembei. Hatujui kama mgongo ulivunjika kwa kuanguka, ao kwa kubebwa vibaya.

1. Chungua kwanza ukiwa chini.
Jua likiwaka, ingia ndani, funga mlango, tazama juu. Penye nukta za mwanga, mvua itapita. Tafuta alama za maji katika kuta, kutu kandokando ya misumari, na udongo wa mchwa juu ya miti. Dunga miti kwa ncha ya kisu. Kisu kikiingia upesi, mti umeoza; usikanyage hapo. Paa la majani likibonyea, miti ya chini yake imechoka.

2. Panda kwa akili.
Usipande wakati wa mvua, umande ao upepo mkali. Usipande ukiwa na homa ao kizunguzungu, wala ukiwa umekunywa pombe. Ngazi ikipanda metre 4, miguu yake iwe metre 1 mbali na ukuta. Kichwa chake kipite ukingo wa paa kwa metre 1. Ifunge kwa kamba, na mtu aishike chini. Juu ya mabati, kanyaga penye mstari wa misumari, maana chini yake kuna mti. Usifanye kazi hii peke yako.

3. Mtu akianguka.
Msimwinue, msimketishe, msimpe maji. Mmoja ashike kichwa chake kisigeuke. Mwulizeni: “Unasikia miguu yako? Unaweza kutikisa vidole?” Leteni mlango ao ubao mpana. Watu wanne ao watano wamgeuze pamoja kwa neno moja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimenyoka kama mti mmoja. Mfungeni juu ya ubao, mmfunike nguo, mmlete lopitali polepole.

Bati lililotoboka linapata lingine sokoni. Mgongo hauuzwi mahali popote.

Maulizo
1. Utajuaje paa limeharibika kabla ya kupanda?
2. Juu ya mabati tukanyage wapi? Kwa sababu gani?
3. Jirani yako akianguka leo, ni ubao gani ulio karibu nawe?