Vipele Vyaweza Kufanana

Fikiri mama mmoja wa Bagira. Asubuhi anamwogesha mtoto wake, anaona vipele usoni na mikononi. Jirani wa kwanza anamwambia, "Mama, ni tetekuwanga, itapita." Wa pili anasema, "Mtoto amerogwa." Wa tatu analeta majani ya kupaka. Je, mama afanye nini?

Ajue kwanza neno hili: vipele vyaweza kufanana, lakini ugonjwa usiwe mmoja.

Hata waganga huweza kudhani vibaya. Mwaka 1970 mtoto wa miezi 9 aliletwa hospitali ya Basankusu, katika Ekwateri, mwenye vipele. Ilidhaniwa ni ndui. Maabara ilipopima, ukaonekana ugonjwa mwingine: Mpox, ulioitwa zamani ndui ya nyani. Huyo alikuwa mtu wa kwanza kujulikana kuwa nao.

Nasi wa Kivu Kusini tumeuona karibu. Mwaka 2023 aina mpya ya Mpox ilitokea Kamituga, ikaenea kwa watu kugusana, na kwa kujamiiana. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kuwa ni hatari kwa mataifa. Tangazo hilo liliondolewa Septemba 2025, lakini maana yake si kwamba ugonjwa umekwisha.

Dalili za kutazama

1. Upele. Unawasha sana usiku, hasa katikati ya vidole. Watu wengine wa nyumba hiyo nao hujikuna. Hauna homa.

2. Tetekuwanga. Vipele vinawasha. Mahali pamoja utaona vingine vipya na vingine vimekwisha kukauka. Mara nyingi viganja na nyayo hazina vipele.

3. Mpox. Kuna homa, na maumivu ya kichwa na mgongo. Tezi za shingo, kwapa au kinena huvimba. Vipele vinauma, vinajaa maji, kisha usaha, hata viganjani na nyayoni. Pengine ni vichache tu, katika sehemu za siri. Mtu akaona haya, akadhani ni kaswende.

Lakini dalili hizi ni msaada tu. Mtu aweza kuwa na tetekuwanga na Mpox pamoja. Kwa hiyo mganga hupangusa kipele kwa kijiti cha pamba, au huchukua kigaga, akakipeleka maabara. Ndipo ajue kwa hakika.

Katika Mambo ya Walawi, sura ya 13, kuhani alipokuwa na shaka juu ya ngozi ya mtu hakuhukumu siku ile ile. Alingoja siku 7, akatazama tena. Nasi tusiwe wepesi kuhukumu.

Mambo ya kufanya

1. Nenda kituo cha afya mapema, vipele vikiwa vimefunikwa. Usimfiche mganga neno: ugonjwa ulianza lini, na nani mwingine anaumwa.

2. Usitoboe vipele, wala usivichanje. Uchafu ukiingia, kidonda huoza.

3. Mgonjwa wa Mpox alale peke yake ikiwezekana, awe na nguo na sahani zake, mpaka vigaga vyote vianguke na ngozi mpya itokee. Mara nyingi ni majuma 2 mpaka 4.

4. Anayemwuguza anawe mikono kwa sabuni kila mara.

5. Waliokaa naye wajiangalie siku 21. Watoto wadogo na mama wenye mimba wasimkaribie, maana kwao hatari ni kubwa zaidi.

Basi, yule mama na ambebe mtoto wake leo, asingoje kesho. Jirani naye asimcheke, bali amsaidie kuteka maji na kuwalisha watoto waliobaki. Mtu akichekwa, atajificha. Akijificha, ugonjwa utaingia nyumba ya pili.

Maswali

1. Tetekuwanga na Mpox zinatofautianaje?
2. Kwa nini macho peke yake hayatoshi?
3. Jirani yako akipata vipele, utamsaidia namna gani?