Kusomea Biashara Bujumbura: Chuo cha Serikali au cha Binafsi?

Matokeo ya mtihani wa taifa, ule ambao kila nyumba ya Bujumbura huuita Examen d'Etat, yakishatoka, kijana anayetaka kusoma uhasibu, fedha au usimamizi wa biashara huwa na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni Chuo Kikuu cha Burundi, UB, chenye mizizi ya tangu 1964. Ya pili ni vyuo vya binafsi vilivyoota jijini katika miaka 25 hivi iliyopita: Hope Africa, Lumière, Lac Tanganyika, Martin Luther King na vingine. Hapa tutashika viwili, UB na Hope Africa, kwa kuwa vinatofautiana waziwazi, lakini maswali yenyewe unaweza kuyapeleka kwenye mlango wa chuo chochote.

Kwanza, UB si mahali unapojichagulia tu. Serikali ndiyo inayowapangia wanafunzi vitivo kwa kuangalia alama zao na machaguo waliyojaza. Kuna waliotaka Sayansi ya Uchumi na Usimamizi wakajikuta wamepangiwa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo swali la mzazi lisiwe tu "UB au binafsi?" Liwe: je, mtoto amepangiwa kitivo cha uchumi, au taasisi ya biashara ya ISCO iliyo chini ya UB, au amepangiwa somo asilolitaka? Kama ni hilo la tatu, kumlazimisha akae kwa sababu tu ni chuo cha serikali ni kumpotezea miaka. Chuo cha binafsi kinachofundisha anachokitaka kitamfaa zaidi, hata kama majirani watasema mmechezea bahati.

Gharama ya UB ni ndogo, nayo serikali huwasaidia wanafunzi wake kwa fedha ya kujikimu. Ila fedha hiyo si zawadi tena: tangu 2017 imegeuzwa kuwa mkopo, na mkopo una mkataba. Usome kabla ya kutia sahihi: ni kiasi gani, kinaanza kukatwa lini, na kinakatwaje ukiwa hujapata kazi.

Kwenye chuo cha binafsi ada, au minervali, ni mzigo wa familia. Kosa linalofanyika sana ni kulinganisha ada ya mwaka ya chuo hiki na ya chuo kile kana kwamba ndiyo gharama yote. Omba karatasi ya malipo ya miaka yote mpaka siku ya kupokea cheti, na utafute mistari midogo: ada ya kujiandikisha, ada ya mtihani wa marudio, ada ya kutetea kazi ya mwisho wa masomo, ada ya cheti chenyewe. Ongeza gharama ya nakala za silabasi, maana maelezo ya mhadhiri huuzwa kwa kurasa kwenye vibanda vya fotokopi, na muhula wenye masomo manane unakula pesa. Uliza pia nini kinatokea ukichelewa kulipa: unaruhusiwa kuingia kwenye mtihani, au jina lako linabandikwa mlangoni?

Halafu kuna usafiri. Miaka ya karibuni uhaba wa mafuta umewafanya watu wa Bujumbura kusimama kwenye foleni za basi kwa saa nyingi, na wengine kutembea kutoka kazini hadi nyumbani. Masomo ya jioni, ambayo vyuo vingi vya binafsi huyatoa kwa ajili ya wafanyakazi, yanavutia sana kwenye karatasi. Lakini kama unaishi Kinindo na darasa liko Kamenge, upande wa pili wa jiji, jiulize utarudi na nini saa mbili za usiku. Fanya safari hiyo mwenyewe siku ya kazi, kwa saa ileile ya darasa, kabla ya kujiandikisha.

Jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote ni lugha, na hapo ndipo vyuo hivi viwili vinapoachana hasa. UB inafundisha kwa Kifaransa. Hope Africa, chuo cha Kanisa la Free Methodist kilichoanzia Nairobi kabla ya kuhamia Bujumbura, kinatumia Kiingereza na Kifaransa. Si suala la fahari. Chukua mfanyabiashara wa mtaa wa Asiatique anayeagiza mzigo kupitia Dar es Salaam. Ankara ya muuzaji imeandikwa kwa Kiingereza. Simu na wakala wa bandarini inakwenda kwa Kiswahili. Tamko la forodha linalopelekwa OBR, mamlaka ya mapato, liko kwa Kifaransa. Vibarua wanaoshusha mzigo wanapatana naye kwa Kirundi. Mhasibu wa duka hilo anayejua Kifaransa peke yake ni nusu mhasibu, na anayejua Kiingereza peke yake naye ni nusu.

Tazama pia nani anaajiri. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikawekwa katika sheria kuwa lugha rasmi. Leo jijini kuna benki za KCB, yenye makao makuu Nairobi, na CRDB ya Tanzania. Lakini sheria, kodi na barua nyingi za ofisi bado ziko kwa Kifaransa. Kwa hiyo ukienda UB, tafuta Kiingereza nje ya darasa kuanzia mwaka wa kwanza, usingoje mwaka wa mwisho. Ukienda Hope Africa, uliza ni masomo gani hasa yanafundishwa kwa lugha ipi, na kama kijana aliyesoma sekondari yote kwa Kifaransa anapewa msaada wa Kiingereza kabla ya kuanza. Na kwa kuwa ni chuo cha kanisa, uliza masomo na ibada zipi ni za lazima. Familia ya Kiislamu ya Buyenzi ina haki ya kulijua hilo mapema, na chuo makini hakitaona vibaya kuulizwa.

Pamoja na lugha kuna mfumo wa uhasibu, na hili wazazi hawaliulizi kabisa. Burundi ina mpango wake wa taifa wa hesabu. Kongo, kuvuka tu mpaka wa Gatumba kuelekea Uvira, inafuata mfumo wa pamoja wa OHADA tangu ilipojiunga mwaka 2012. Kenya na Tanzania zinafuata viwango vya kimataifa vya IFRS. Ofisi zenye mazoea ya Kifaransa hutumia sana programu ya Sage, zile za Nairobi na Dar mara nyingi utakuta QuickBooks. Omba maketi, yaani orodha rasmi ya masomo ya miaka yote, uisome mstari kwa mstari. Kuna somo la viwango vya kimataifa? Saa za mazoezi ya kompyuta ni ngapi kulinganisha na saa za mhadhara? Kisha omba kuonyeshwa chumba cha kompyuta chenyewe, uone kama mashine zinawaka na kama programu hizo zimo. Orodha nzuri bila chumba ni karatasi tu.

Kuhusu wahadhiri, usidanganyike na majina kwenye tangazo. Wengi wanaofundisha vyuo vya binafsi vya Bujumbura ni wahadhiri wageni wanaofundisha pia UB, kwa hiyo mara nyingine mtu ni yuleyule na kinachobadilika ni ukumbi. Cha kuuliza ni wangapi wameajiriwa hapo moja kwa moja, na nani atakusimamia kazi yako ya mwisho. Mhadhiri anayefundisha vyuo vitatu hana saa ya kusoma sura yako ya pili, na ndiyo maana unakutana na vijana waliomaliza masomo yote lakini wamekwama kwenye utetezi.

Muda nao una bei. Mfumo wa BMD (baccalauréat, mastère, doctorat) unaweka shahada ya kwanza kwenye miaka 3 na krediti 180, lakini kalenda ya Burundi imewahi kuyumba: mwaka 2015 kampasi za UB zilifungwa wakati wa maandamano, na mamia ya wanafunzi wakapiga kambi karibu na ubalozi wa Marekani. Usikubali jibu la ofisini peke yake. Simama langoni mwa kampasi ya UB ya Mutanga au kwenye chuo kingine, uwaulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho: mlianza mwaka gani, mlitakiwa kumaliza lini, waliowatangulia wameshapewa vyeti? Majibu ya watu watano yatakutosha.

Mwisho, uhalali. Chuo kuwa na kibali cha serikali hakutoshi. Uliza wizarani kama programu hiyo ya biashara, katika kampasi hiyo, imetambuliwa, maana kibali cha chuo na kibali cha programu ni vitu viwili. Anayepanga kwenda nje ajue kwamba cheti chake kitapitia tume ya vyuo vikuu ya huko, CUE akiwa Kenya, TCU akiwa Tanzania, na kwamba shahada ya biashara Kenya kwa kawaida ni miaka 4.

Ushauri wangu: aliyepangiwa uchumi UB na anaweza kuvumilia kalenda aende UB, atafute Kiingereza pembeni. Anayefanya kazi mchana, au anayelenga kazi ya Nairobi, Kampala au Dar, na ambaye familia yake ina uhakika wa ada ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza tu, achague chuo cha lugha mbili. Na kokote utakakokwenda, usimpe mtu ada mkononi: lipa benki kwenye akaunti ya chuo, na kila bodero, yaani stakabadhi ya benki, ulitunze mpaka cheti kiwe mikononi mwako.