SOMO LA KILIMO: UDONGO MCHACHU NA DAWA YAKE, CHOKAA

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya udongo. Hebu tuanze na kisa cha kweli.

Katika kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Rungwe yuko mama mmoja mwenye shamba la nusu ekari. Kila mwaka hupanda mahindi na maharage. Misimu mitatu mfululizo maharage yake yaliota vizuri, halafu yakadumaa. Majani yakawa ya njano. Mama alikopa fedha akanunua mbolea ya chumvichumvi. Akaweka. Haikusaidia kitu. Msimu uliofuata akaongeza mbolea. Hali ikawa mbaya zaidi.

Maneno yakaanza. Shemeji yake akasema, "Shamba hili limerogwa. Jirani ana kijicho." Mganga akaitwa, akataka mbuzi. Majirani wawili waliokuwa wakichotea maji kisima kimoja wakaacha kusalimiana.

Siku nilipotembelea darasa la kisomo, mama huyu alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, Mwalimu. Nina neno. Ulitufundisha kusoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Nimesoma, nimefuata. Mbona sipati kitu?"

Swali lake lilikuwa zuri. Sikuwa na jibu siku ile. Tulikwenda pamoja kwa bwana shamba, akapima udongo. Jibu halikuwa uchawi. Udongo wa mama ulikuwa mchachu.

UDONGO MCHACHU NI NINI?

Unajua ladha ya ndimu. Ule ukali wake unatokana na tindikali. Udongo nao unaweza kuwa na tindikali nyingi. Huwezi kuuonja, lakini mizizi ya mimea inaisikia.

Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo kinachoitwa pH. Herufi hizi hutamkwa pi-echi. Kipimo huanza 0 na kwenda hadi 14. Katikati ni 7. Maji safi yako hapo. Chini ya 7 ni uchachu. Juu ya 7 ni upande wa magadi na sabuni. Maji ya ndimu yako karibu na 2.

Kumbuka jambo hili: kila ukishuka namba moja, uchachu huongezeka mara kumi. Udongo wa 5 ni mchachu mara kumi kuliko udongo wa 6. Kwa hiyo usiseme, "Aa, tofauti ni moja tu."

KWA NINI RUNGWE?

Sababu ya kwanza ni mvua. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua ni neema, ndiyo maana migomba yetu imestawi. Lakini maji mengi yakipita ardhini huosha chokaa ya asili iliyomo na kuipeleka chini, mbali na mizizi. Kinachobaki juu ni uchachu.

Sababu ya pili ni mavuno. Kila gunia linalotoka shambani linaondoka na chakula cha udongo. Tukibeba mazao na mabua bila kurudisha kitu, udongo unakonda.

Sababu ya tatu ni baadhi ya mbolea. Mbolea za SA, Urea na DAP zina faida, lakini zikitumika miaka mingi peke yake huongeza uchachu. SA ndiyo kali zaidi katika jambo hili. Sasa unaona kwa nini mama yetu alipoongeza mbolea hali ilizidi kuwa mbaya.

UCHACHU UNADHURU VIPI?

pH ikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini yaliyomo udongoni huanza kuyeyuka. Alumini hii ni sumu kwa mizizi. Mizizi inakuwa mifupi na minene, haifiki kwenye maji wala chakula. Tena udongo mchachu hukamata fosforasi, yaani kile chakula cha mizizi kilichomo ndani ya DAP. Udongo wetu unaotokana na majivu ya volkano ya Mlima Rungwe una tabia hiyo hiyo ya kukamata fosforasi. Mkulima anaweka mbolea, udongo unaifungia, mmea unabaki na njaa. Ni sawa na kumpa chakula mtu aliyefungwa mdomo.

Maharage huumia mapema. Kwenye mizizi yake wanaishi vijidudu vyema vinavyotengeneza mbolea kutoka hewani. Vijidudu hivi havipendi uchachu.

LAKINI SI KILA ZAO

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Chai hupenda uchachu, kati ya 4.5 na 5.5. Ndiyo sababu chai imestawi katika milima yetu. Usiweke chokaa kwenye chai. Utaiharibu.

Viazi mviringo huvumilia uchachu kidogo. Ukiwawekea chokaa nyingi, viazi hupata ugonjwa wa magamba kwenye ngozi. Muwa nao ni mvumilivu, lakini ukishuka chini ya 5 hupata shida. Mahindi hutaka 5.5 na zaidi. Maharage hupenda karibu na 6.

PIMA KWANZA

Mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Shamba ni hivyo hivyo. Fanya hivi:

1. Chukua jembe na ndoo safi. Ndoo isiwe iliyokuwa na mbolea au majivu.
2. Pita shambani kwa kwenda upande huu na upande huu. Chimba mahali 10 hadi 15, kina cha sentimita 20.
3. Kila mahali chukua udongo kidogo, tia ndooni. Usichukue penye kichuguu, zizi la zamani au pale ulipochoma takataka.
4. Changanya vizuri. Chukua nusu kilo. Anika kivulini.
5. Tia kwenye mfuko safi. Andika kwa mkono wako mwenyewe: jina, kijiji, zao la mwaka jana, na zao unalotaka kupanda.

Peleka kwa bwana shamba. Mwaka 2022 Serikali iligawa vifaa vya kupimia udongo kwa maafisa ugani, kwa hiyo ulizia ofisi ya kata au wilaya. Vilevile wapo wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya.

CHOKAA GANI?

Chokaa ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa yakawa unga. Haichomi mkono. Nyingine ina madini ya magnesi pia, nayo ni nzuri.

Chokaa iliyochomwa ni nyingine. Mawe ya chokaa yapo Songwe, magharibi ya Mbeya, na huko watu huyachoma kwa ajili ya ujenzi. Chokaa iliyochomwa na kabla haijazimwa kwa maji ni hatari. Ikigusa maji huchemka. Huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Mtoto asiisogelee kabisa. Kwa shamba, nunua chokaa ya kilimo.

Je, asiye na fedha afanye nini? Majivu ya jikoni hupunguza uchachu, ingawa nguvu yake ni ndogo kuliko chokaa. Samadi na mboji husaidia kuituliza ile sumu ya alumini. Anza na hivyo.

TUPIGE HESABU

Tuseme bwana shamba amekuambia uweke kilo 800 kwa ekari moja. Huo ni mfano tu. Kiasi cha shamba lako kitatokana na kipimo chako.

Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Kilo 800 gawanya kwa 4,000 unapata kilo 0.2, yaani gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Kipande cha hatua ndefu 10 kwa 10 ni karibu mita za mraba 100. Basi kitahitaji kilo 20. Nusu ekari itahitaji kilo 400, ambazo ni mifuko 8 ya kilo 50.

NAMNA YA KUWEKA

1. Weka wiki 3 au 4 kabla ya kupanda, au mapema zaidi. Kwetu Septemba ni wakati mzuri.
2. Chagua siku isiyo na upepo. Funga kitambaa puani na mdomoni.
3. Gawa shamba vipande vya 10 kwa 10. Pima chokaa ya kila kipande. Nyunyiza sawasawa.
4. Lima uichanganye na udongo hadi sentimita 15 au 20. Ikibaki juu, kazi yake itakuwa ndogo.
5. Usichanganye chokaa na mbolea ya SA, DAP, Urea wala samadi mbichi siku moja.

Hili la tano nalijua kwa hasara. Mimi mwenyewe, mwalimu, nilichanganya chokaa na SA kwenye karai moja ili nimalize kazi haraka. Ikatoka harufu kali ya kutoa machozi. Harufu ile ilikuwa mbolea yangu inayopotea hewani. Fedha yangu ilipaa namna hiyo.

Usirudie chokaa kila mwaka bila kupima. Kazi yake hudumu miaka kadhaa. Ikizidi, mimea hukosa madini mengine. Na chokaa si badala ya mbolea. Chokaa hufungua mlango, mbolea na samadi ndicho chakula.

MAMA YETU ALIFANYAJE?

Hakuwa na fedha ya mifuko 8. Alinunua kilo 20 tu, akaweka kwenye kipande cha 10 kwa 10. Kando yake akaacha kipande kingine sawasawa bila chokaa. Vyote alivipanda siku moja, kwa mbegu moja na samadi ile ile. Wakati wa kuvuna, kipande kisicho na chokaa kilitoa sado moja ya maharage. Chenye chokaa kilitoa sado mbili na nusu. Aliandika hesabu hiyo kwenye daftari lake la kisomo.

Halafu alifanya jambo ambalo hakuna kitabu kilichomwagiza. Alibeba kikapu cha maharage mabichi mpaka kwa jirani yule aliyeshukiwa. Alimwomba radhi. Jirani akajibu, "Ndaga fijo." Leo wanachangia gharama ya kununua chokaa, kipande kwa kipande.

Ndugu msomaji, kabla ya kumshuku jirani, pima udongo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja sababu tatu zinazofanya udongo wa Rungwe uwe mchachu.
2. Kwa nini mbolea haikumsaidia mama?
3. Ni zao gani la wilaya yetu lisilotaka chokaa?
4. Kipande cha hatua 20 kwa 10 kitahitaji kilo ngapi, kwa mfano wetu wa kilo 800 kwa ekari?
5. Kwa nini mama aliacha kipande kimoja bila chokaa?
6. Kikundi chenu kinaweza kununua chokaa pamoja? Pangeni nani atapeleka udongo kupimwa, na lini.