SOMO LETU: NANI AANDIKE, NANI ASOME TU?



Vikundi vingine vimepata kompyuta kuukuu yenye Linux, ile programu isiyolipiwa iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Daftari la michango nalo linahamia humo. Hapo ndipo maneno huanza: "Ni nani amegeuza hesabu yangu?" Kitabuni, wino uliofutwa huonekana. Kwa kompyuta, 500 ikigeuzwa 300 mara nyingi huoni alama yoyote.

Dawa ipo. Tunaandika amri kwenye dirisha linaloitwa terminali. Kwanza kila mtumiaji awe na jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Msikubali jina moja la wote. Tuseme mwekahazina huingia kwa jina "hazina". Msimamizi wa kompyuta atengeneze folda na kumkabidhi:

sudo mkdir /srv/kikundi
sudo chown hazina /srv/kikundi

Mwekahazina ataweka faili ya michango humo, kisha aandike:

chmod 644 /srv/kikundi/michango.ods

Tarakimu hizo tatu ni watu wa aina tatu: mwenye faili, kundi lililoandikishwa kwa faili hiyo, na wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2. Kwa hivyo 6 ni yote mawili, na 4 ni kusoma peke yake. Hebu hakikisheni:

ls -l /srv/kikundi

Mkiona -rw-r--r-- pamoja na jina hazina, mambo ni sawa. Herufi r ni kusoma, w ni kuandika. Sasa mwanachama yeyote atafungua aone mchango wake, lakini hataweza kuugeuza.

Ngojeni kidogo. Neno sudo humpa mtu nguvu zote, hata za kuruka ruhusa hizo. Kwa maoni yetu, mwekahazina asiwe ndiye mwenye sudo. Mnajua lile sanduku la akiba lenye kufuli tatu: funguo hazikai mfuko mmoja.

Na mwekahazina mwenyewe, nani atamwangalia? Katibu. Kila baada ya mkutano, yeye aingie kwa jina lake na achukue nakala yenye tarehe:

cp /srv/kikundi/michango.ods ~/michango-$(date +%F).ods

Nakala hiyo ni ya katibu, mwekahazina haigusi. Kukiwa na ubishi, mnalinganisha hizo mbili. Nyingine iende kwa flashi, nayo ifungiwe, maana flashi nyingi hazishiki ruhusa tulizoeleza. Na mjihadhari na amri ya rm: inafuta moja kwa moja, hakuna pipa la kuokota tena.

Mambo ya kujadili mkutanoni: Kwenu ni nani anajua neno la siri la sudo? Akisafiri au akiugua, ni nani mwingine?