Nguvu ya Paja na Utendaji wa Goti Lililoumia katika Miteremko ya Bugarama

Katika Bugarama ya mkoa wa zamani wa Rumonge, nchini Burundi, ambako ardhi hupanda ghafla kutoka ukanda wa Imbo ulio kando ya Ziwa Tanganyika hadi miteremko ya Mumirwa, hali halisi ya goti lililoumia hudhihirika zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Apandaye mlima hutumia misuli ya paja inayofupika na kuuinua mwili. Ashukaye huitaka misuli hiyohiyo irefuke huku imekaza, ili uzito usiliangukie goti kwa kishindo. Ndiyo maana mwanasoka au mvuvi wa ndagala aliyekatika ligamenti huweza kutembea vizuri kabisa kwenye barabara ya ziwani, kisha goti likamlegea mara tu anapoteremka kilima akiwa na mzigo.

Ligamenti ni ukanda mgumu wa nyuzi unaofunga mfupa kwa mfupa. Ile ya msalaba ya mbele, ambayo aghalabu hukatika mchezaji anapogeuka ghafla huku wayo wake umekwama chini, huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele chini ya mfupa wa paja. Misuli minne ya mbele ya paja, iitwayo kwa pamoja kwadrisepsi, hushikamana na pia ya goti na kulinyoosha goti. Baada ya jeraha misuli hiyo hunyauka, lakini si hivyo tu: goti likijaa maji, neva za kiungo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nao huizuia kwadrisepsi isiitike kikamilifu hata majeruhi akijitahidi vipi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1984 yalionyesha kuwa mililita 20 hadi 30 za maji ya chumvi, zikidungwa ndani ya goti lisilo na jeraha, zilitosha kuidhoofisha sehemu ya ndani ya misuli hiyo. Kumlaumu majeruhi kwa uvivu, basi, ni kumwonea, na kumbebesha uzito goti likiwa bado limevimba ni kumpotezea jasho.

Kazi ya kwanza ni kuupunguza uvimbe, kwa kuuinua mguu na kuufunga bendeji, na kulirudishia goti uwezo wa kunyooka kabisa. Majeruhi huketi amenyoosha mguu, huweka kitambaa kilichokunjwa chini ya goti na kukikandamiza kwa kukaza paja sekunde chache, akirudia mara nyingi kwa siku. Akiweza kuuinua mguu bila goti kujikunja hata kidogo, huingia katika mazoezi ya kusimama: kuketi na kuinuka kitini, kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa, kupanda na kushuka kidato kifupi.

Wengi huishia hapo, nako ni mapema mno. Misuli haipati nguvu kwa kurudia zoezi jepesi kila siku, bali kwa mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, kiasi kwamba marudio 8 hadi 12 yaichoshe kwelikweli, mara 2 au 3 kwa wiki. Pasipo na vyuma vya mazoezi, bidoni iliyokumbatiwa kifuani hutosha: lita 20 za maji ni kilo 20, ingawa bidoni hiyohiyo ikijazwa mawese ya Rumonge huwa na kilo 18 hivi, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, na anayeandika maendeleo yake daftarini hana budi kulizingatia hilo. Goti likivimba siku ya pili, mzigo ulizidi.

Kipimo kinachotumiwa sana hulinganisha miguu miwili na kuutaka ule ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Pasipo mashine, majeruhi huhesabu ni mara ngapi aweza kuinuka kitini kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Ulinganisho huo una udhaifu wake, kwani mguu mzima nao hudhoofika katika miezi ya kukaa, na asilimia 90 ya unyonge bado ni unyonge. Kuruka kwa mguu mmoja hudanganya zaidi, maana nyonga na kifundo cha mguu huweza kuifanya kazi iliyolishinda goti.

Upasuaji uko mbali na vilima hivi, lakini aliyeukosa hajakosa kila kitu. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2010, uliohusisha vijana 121, ulionyesha kuwa walioanza na mazoezi, wakiachiwa nafasi ya kupasuliwa baadaye, hawakuwa nyuma ya waliopasuliwa mapema baada ya miaka 2, na zaidi ya nusu yao hawakupasuliwa katika muda huo. Hata hivyo walisimamiwa na wataalamu, jambo linaloifanya safari ya kwenda kwenye kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi tiba mjini Gitega kuwa na maana. Kwa waliopasuliwa, utafiti wa Norwei wa mwaka 2016 uliona kuwa kila mwezi wa kuahirisha kurudi uwanjani, hadi mwezi wa 9, ulipunguza majeraha mapya kwa karibu nusu.

Goti linalokwama likakataa kunyooka, au linaloendelea kulegea ilhali paja limeshapata nguvu, halifai kuongezewa bidoni. Huenda gegedu lililo kati ya mifupa limechanika, na hapo uchunguzi wa daktari hutangulia zoezi lolote.