Transfoma ya redio kuukuu

Swali: Je, transfoma ya spika iliyong'olewa kwenye redio ya valvu yafaa kwa amplifaya ya EL84 moja?

Jibu: Yafaa, mradi uwiano wa koili ukubali. Tia volti 1 ya mkondo geu upande wa spika. Ukipima 25 upande wa pili, mraba wake, 625, mara spika ya omu 8 ni omu 5,000, karibu na 5,200 zinazohitajika. Wapo wasemao chuma chake kidogo hunyima besi. Kweli, ila kwa wati 2 chumbani unavumilika upungufu huo. Kikwazo halisi ni transfoma ya valvu mbili zinazopokezana: chuma chake hakina pengo la hewa, hivyo mkondo mnyoofu wa valvu moja hukishibisha na sauti huharibika. Nyaya tatu upande wa valvu mara nyingi ndiyo dalili yake. Hiyo iache.