Uzito na Uratibu wa Viungo katika Kuanzisha Mpira wa Tenisi

Mpira wa tenisi una uzito wa gramu zipatazo 58 tu, na raketi kwa kawaida ni gramu 300 hivi. Hata hivyo mchezaji hodari, anapoanzisha mchezo, huupeleka mpira huo kwa mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa. Nguvu hiyo yatoka wapi? Wengi hudhani ni mkononi. La hasha. Vipimo vimeonyesha kuwa takriban nusu yake huzalishwa na miguu, nyonga na kiwiliwili, kisha hupanda kiungo hadi kiungo, hata bega likauzungusha mkono kwa zaidi ya nyuzi 2,000 kwa sekunde. Kiungo kimoja kikiwahi au kikichelewa, nguvu hupotea njiani. Mtoto wa Kemambo, wilayani Tarime, anayefukuza ndege shambani kwa mawe, huanza kwa mguu na kumalizia kwa kiganja bila ya kufundishwa na mtu.

Je, raketi iliyoongezwa uzito yaweza kuimarisha mwendo huo? Tuanze na shoka. Ukilishika karibu na bapa hulisukasuka upendavyo; ukilishika mwisho wa mpini, shoka lile lile huwa zito kuligeuza. Sababu ni kwamba ukinzani wa kitu dhidi ya kuzungushwa hufuata mraba wa umbali. Gramu 20 zilizofungwa sentimita 10 kutoka mkononi, zikihamishiwa sentimita 60, ukinzani wake huongezeka si mara 6 bali mara 36. Kwa hiyo kuuliza “uzito kiasi gani” bila kuuliza “umewekwa wapi” ni kuuliza nusu ya swali.

Mwaka 1938 Mwingereza A. V. Hill alionyesha, kwa misuli ya chura, kwamba kadiri mzigo unavyozidi ndivyo msuli unavyojikunja polepole. Basi anayezoea raketi nzito mno huufundisha ubongo wake mpigo mwingine, wenye nguvu lakini wa taratibu. Akirudia raketi ya kawaida huiona nyepesi, naye hudhani amekuwa mwepesi. Hisia hiyo hudanganya mara nyingi.

Warusha mkuki wamelielewa jambo hili zamani. Mkuki wa wanaume ni gramu 800, nao hubadilishana vifaa vizito kidogo na vyepesi kidogo, ili nguvu iongezeke na mwendo usiharibike. Vifaa duni si kizuizi: Mkenya Julius Yego, aliyejifunza mengi kwa kutazama video, alitwaa ubingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72.

Kwa mwalimu asiye na raketi, mpira wa matambara uliotiwa mchanga kidogo, usiozidi gramu 100, watosha. Urushwe juu ya bega mara chache, kisha mpira mwepesi ufuate, mwanafunzi angali hajachoka. Kumfunga mtoto mawe mkononi, kama wafanyavyo baadhi ya walimu wenye pupa, ni hatari. Karibu na bega lake mfupa ungali na gegedu la kukulia, ambalo ni laini kuliko kano zinazolivuta. Akilalamikia maumivu sehemu ya juu ya mkono, asirushe kitu chochote mpaka mganga amwone.